Jezi Yako Iko Msumarini

Mpwa wangu,

Jumapili ulinipitia hapa kibandani kama upepo wa kaskazi. Hata shikamoo uliimeza. Ukaivua jezi nyekundu ya Coastal Union, ukaitupa juu ya rundo la tairi chakavu, ukasema: "Mjomba, mimi na Wagosi wa Kaya basi. Nahamia Yanga, kwa Wananchi, nikapumzike." Nami nilikuwa nimeipindua baiskeli ya mtu, magurudumu juu, mikono imejaa grisi, hata kukushika bega nisingeweza. Ulipokata kona ya barabara ya 12 nikanawa, nikaiokota jezi yako, nikaikung'uta vumbi, nikaitundika kwenye msumari ninapotundikia tyubu mpya.

Tangu siku hiyo inanitazama, nami naitazama. Nimeona nikuandikie, kwa sababu tukikaa ana kwa ana utanikatiza, na pumzi ya kubishana mimi sina tena. Maneno yenyewe si mengi wala si mapya. Nimeyalipia, ndiyo maana nakupa bure.

Kwanza, sikuambii usiumie. Mzunguko wa kwanza umekwisha, mechi 15 zimeliwa, na sisi tuko huku chini, mahali ambapo anayetutafuta kwenye msimamo huanza kusoma toka mwisho. Anayekuambia "mpira ndivyo ulivyo" hajawahi kuupenda. Mimi mwenyewe kuna usiku nakaa barazani na kikombe cha chai ya tangawizi hadi inapoa, mkaza mjomba wako ananiuliza nina nini, namwambia tumbo. Nikimwambia ni beki ya kushoto, atanicheka hadi asubuhi.

Ila kabla hujamlaumu mtu, nikuulize: unaumia kwa ajili ya nini? Maana Jumapili nilikusikiliza vizuri. Kuhusu timu ulisema maneno mawili matatu. Kuhusu mkeka wako wa kubeti ulisema mpaka povu likakutoka. Mechi saba ulizifunga pamoja, sita zikaingia, ya saba ikawa yetu, nayo ndiyo iliyouchana mkeka. Mpwa wangu, sisi tulipokuwa vijana mkeka ulikuwa wa ukindu. Bibi yako alikaa nao miezi akiusuka, ukalaliwa, ukaliwa pilau juu yake, ukatandikwa siku ya maulidi, na mwenyewe alipokufa watu walikaa juu yake kumsomea. Huu wako unachanika kwa dakika 90. Mtu aliyeweka pesa juu ya mechi hatazami mpira, anatazama deni lake likikimbia uwanjani. Kila pasi mbovu anaiona kama mkono uliomwingia mfukoni. Sasa huyo aliyeitupa jezi Jumapili alikuwa shabiki au mdaiwa? Jibu lake sikuombi. Lala nalo tu.

Sasa nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukusimulia, kwa sababu halinipendezi.

Msimu wa 2015/16 mkoa wetu wa Tanga ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Hebu fikiri, timu tatu, mkoa mmoja. Tulitembea mji huu vifua mbele. Lakini kufika katikati ya msimu Coastal ilikuwa hoi, na mimi nikafanya vile vile ulivyofanya wewe. Sikutupa jezi, maana umri wangu haukuniruhusu kuvua shati barabarani. Nilikula kiapo. Nikasema mbele ya watu, hapa hapa kibandani, kwamba mguu wangu haukanyagi tena uwanja wa Mkwakwani mpaka timu ijirekebishe. Watu wakaniambia, mzee umesema kweli. Kususa kuna utamu wake, mpwa wangu. Mtu akisusa hujiona mkubwa kuliko kitu alichokisusa.

Tarehe 30 Januari 2016, siku ya Jumamosi, Yanga wakaja Mkwakwani. Walikuwa hawajapoteza hata mechi moja ya ligi msimu ule. Mimi nikabaki hapa naziba pancha, kiapo kiko shingoni. Unajua sauti za uwanja hufika hadi huku upepo ukikubali. Na sisi wenyeji tunazijua: Yanga wakifunga, mji mzima hunguruma, maana nusu ya jukwaa hapa Tanga ni lao, tusidanganyane. Siku ile nilisikia mlio mwembamba zaidi, wa watu wachache wanaopiga kelele kwa koo zote. Nikajua. Nikaiweka chini pampu. Baadaye kidogo ukaja mlio wa pili. Coastal 2, Yanga 0. Miraji Adam, Juma Mahadhi.

Wale vijana waliokuwa hoi, niliowaapia kwamba hawafai, wakamfunga asiyefungika. Na mimi, niliyekuwa Mkwakwani tangu ujana wangu, niliyeiona Coastal ikiwa bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988 nikiwa na nywele zote kichwani, nilikuwa nimeshika tyubu ya mtu mkononi. Jioni watu wakapita na baiskeli zao wakiimba, wakanipungia mkono. Nikawapungia. Hakuna aliyeniuliza nilikaa jukwaa gani. Hilo lilinichoma kuliko kama wangeniuliza.

Basi nikavunja kiapo, nikarudi. Lakini sikurudi na mapenzi, nilirudi na kiu. Mwezi wa Aprili vijana wakaenda Dar es Salaam, wakaitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho kwa mabao 2-1. Nusu fainali ikaja hapa nyumbani, na mgeni ni Yanga tena. Uwanja ulijaa hadi juu ya kuta. Tukafika muda wa nyongeza, Yanga wakawa mbele 2-1, na sisi tukaona tumeonewa. Vitu vikaanza kuruka. Mshika kibendera akaumizwa. Mechi ikavunjika pale pale, Yanga wakapewa ushindi, wakaenda fainali.

Mimi sikurusha kitu. Nakuapia. Lakini mbele yangu alikaa kijana wa rika lako la leo, na nilimwona akiinama kuokota. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuweza kumshika kiwiko. Mzee mwenye kofia nyeupe kichwani, neno moja lingetosha: "Mwanangu, weka chini." Sikulisema. Moyoni nilikuwa naona afadhali. Mpaka leo nikikumbuka uwanja ule, silikumbuki bao hata moja. Naukumbuka mgongo wa yule kijana.

Na msimu ulipokwisha, Coastal ikashuka daraja. African Sports ikashuka. Mgambo ikashuka. Timu zote tatu za Tanga, kwa mkupuo mmoja. Mji huu ukalala Ligi Kuu ukaamka hauna hata mtu mmoja wa kumpigia makofi. Ukaja msimu ambao Yanga na Simba hawakuwa na sababu ya kukanyaga Mkwakwani. Mama wa kachori pale getini akahamisha meza yake.

Kwa hiyo nilifanya makosa mawili kwa msimu mmoja. Januari nilisusa, Aprili nikanyamaza wakati wengine wanarusha. Ukiyatazama vizuri ni kosa moja: mara zote mbili niliona hasira yangu ni kubwa kuliko timu. Ndicho ninachokiona kwako, na ndiyo maana nimeshika kalamu na macho haya.

Sasa tuzungumze huko unakotaka kwenda. Sina ugomvi na Yanga. Ni klabu ya mwaka 1935, ina heshima zake, na wajomba zako wengine wawili ni wa huko na nala nao sikukuu. Lakini ukifika huko utamkuta Bakari Mwamnyeto. Unajua ametoka wapi? Alikuwa nahodha wetu, Yanga wakamchukua mwaka 2020. Yaani utahama nyumba ili ukamshangilie mtoto wa nyumba uliyoihama. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, mpwa wangu, hakuna aliyesema ni mzuri. Walisema ni wako.

Hapo ndipo penye shida yenyewe, ambayo hutaiona ukitazama matokeo tu. Timu kama yetu ni shamba la miche. Mwaka 2022 tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Arusha, tukatoka na Yanga 3-3, Abdul Suleiman tunayemwita Sopu akafunga mabao yote matatu, tukapoteza kwa penalti. Kocha alikuwa Juma Mgunda, yule yule aliyekuwa mchezaji wa kikosi cha mwaka 1988. Hata miezi mitatu haikupita, Sopu yuko Azam na Mgunda yuko Simba. Mwembe ukizaa, ndege ndio wa kwanza kujua. Msimu wa 2023/24 tukajikongoja tena, tukamaliza nafasi ya nne, golikipa wetu Ley Matampi akawa golikipa bora wa ligi, tukaenda Kombe la Shirikisho Afrika, na mashindano ya Afrika Coastal haikuwa imeyaonja tangu 1989. Tukatolewa mapema na Bravos do Maquis wa Angola. Na msimu huo uliofuata, 2024/25, mechi nyingi za nyumbani tukazicheza ugenini, mara Dar es Salaam, mara Arusha, kwa kuwa Mkwakwani haikuwa tayari. Wewe fikiri mtu anayefuturu kwa majirani mwezi mzima, halafu unamuuliza kwa nini hanenepi.

Sikupi visingizio. Nakupa hesabu. Usajili ukikosewa, useme. Mazoezi yakilegea, useme. Lakini anayejua ugonjwa ulikoanzia husema kwa namna tofauti na anayejua homa tu.

Njoo siku moja ukae hapa nikinyoosha rimu, maana tangu utoto wako umekuwa ukija hapa kuomba pesa ya chipsi, hujawahi kutazama. Rimu ikipinda, kijana mwenye pupa huikanyaga kwa mguu, au hukaza spoku zote za upande mmoja kwa nguvu. Anaona imenyooka. Mwenye baiskeli akifika mataa, spoku zinaanza kukatika moja moja kama mahindi kikaangoni. Mimi naizungusha kwanza polepole, nashika chaki karibu yake, mahali ilipopinda pajichore penyewe. Halafu nakaza spoku moja nusu mzunguko, na ile inayoikabili naiachia nusu mzunguko. Nazungusha tena. Chaki tena. Rimu moja inaweza kunila mchana mzima, mwenyewe akinipigia simu mara nne. Timu iliyopinda katikati ya msimu ni hivyo hivyo. Wanaotaka kocha afukuzwe leo, golikipa akae benchi leo, viongozi wote wajiuzulu leo, wanaikanyaga kwa mguu.

Wiki iliyopita alikuja hapa kijana mmoja wa timu kuziba pancha. Sitamtaja, hata wewe nikikutajia utamtukana. Alikaa kwenye kigoda kile kilichovunjika mguu, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Akapita jamaa akamwambia, "Nyie mmetuuza." Hakujibu. Nikatia tyubu kwenye karai la maji, mapovu yakatoka, nikaweka kiraka. Akanilipa, nikamrudishia chenji, akasema, "Ahsante babu, niombee." Halafu baiskeli aliyokuja kuitengeneza hakuipanda. Aliisukuma kwa miguu hadi mwisho wa barabara, kama mtu ambaye hana haraka ya kufika anakolala. Mpwa wangu, yule ana miaka michache kuliko wewe. Zile meseji unazotuma usiku kwenye simu za wachezaji zinaishia mfukoni mwa mtoto kama yule. Ungemwona mgongo wake ungefuta nusu ya maneno yako. Nusu nyingine ungemwambia uso kwa uso, mchana, na kwa adabu.

Utaniuliza, sasa hasira niipeleke wapi, mjomba? Ipeleke mahali inapofanya kazi. Kalipie kadi ya uanachama. Miaka yote unasema "timu yetu" na kadi huna. Mwenye kadi anaingia mkutano mkuu, ananyanyua mkono, anauliza nani alisajiliwa, kwa nini, na kwa nini uwanja wa mazoezi uko vile. Akijibiwa ovyo anauliza tena mwakani. Asiyekuwa na kadi anapigia kelele ukuta. Kisha nenda uwanjani siku ambayo mgeni hana jina. Siku ya Simba na Yanga kila mtu ni shabiki. Siku ya timu ya chini mwenzetu, saa kumi jua kali, jukwaa liko wazi hata unasikia kocha akikohoa, siku hiyo ndiyo timu hujua ina nani. Na mkeka wako, kama huwezi kuuacha, basi walau jina la timu yetu usiliandike humo.

Na hesabu yenyewe haijafungwa. Zimebaki mechi 15, pointi 45. Wawili wa mwisho hushuka moja kwa moja, wa 13 na wa 14 huenda kwenye mchujo. Maana yake kila sare ya ugenini kuanzia sasa ina thamani ya kikombe cha maji jangwani, na wewe unataka kuondoka kabla hatujaanza kuyachota. Siwezi kukuahidi kwamba tutabaki. Mwaka ule wa 2016 tulizifunga Yanga na Simba na bado tukashuka. Lakini tulirudi. Ilituchukua misimu miwili huko chini, na tulipopanda mwaka 2018 hata Ali Kiba alisajiliwa akavaa jezi yetu, mji ukacheka, ukajaa. Waliofaidi siku zile ni wale waliokwenda kutazama mechi za daraja la kwanza na watu mia kidogo jukwaani. Mimi nilikuwa mmoja wao. Ndiyo namna pekee niliyoijua ya kulipa deni la kiapo changu na la yule kijana niliyeshindwa kumshika kiwiko.

Kwa hiyo wewe nakushika kiwiko sasa, kwa barua, kwa kuwa bado nina mkono.

Jumamosi timu iko nyumbani. Nitafunga kibanda saa tisa alasiri. Mkaza mjomba wako ameifua jezi yako kwa sabuni ya mche, ameipiga pasi, nimeirudisha pale pale msumarini. Njoo uichukue, tuongozane. Ukishindwa kuja nitakwenda peke yangu, na hiyo nayo nimezoea, lakini siti ya pembeni yangu nitaiwekea kofia.